Nguo Nyeupe ya Nyasuguta

Tangu mgao wa umeme uanze na mtaa mzima ubaki na transfoma moja, watu wa nyuma ya soko la Oyugis walikubaliana: hakuna pasi, hakuna jiko la koili. Umeme kidogo uliopo uwashe taa na mashine ya Nyasuguta ya kuangulia vifaranga. Ndani yake mlikuwa na mayai ya akina mama wote wa mtaa, ya kuanzia upya baada ya ugonjwa wa mdondo kufagia kuku wao. Nyasuguta ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, "Niachieni mimi." Yakiharibika, angemtazama nani usoni?

Mambo yakaenda vizuri. Hata Maroa, Mkuria mwenye kinu cha kusaga mahindi, alizima mota yake akawarudisha wateja na magunia yao, wakimtukana.

Ijumaa, mayai kadhaa yameshaanza kupasuka na jua linashuka, transfoma ikalia pu! Mashine ikazimika. Nyasuguta akatoka mbio, leso inamdondoka.

"Ni Maroa tu! Tamaa yake!"

Alimkuta Maroa ameketi mlangoni pa kinu, anamenya ndizi.

"Mama Lorine, weka mkono kwenye mota," akamwambia Nyasuguta. "Baridi, sivyo? Haya, sasa nusa."

Akanusa. Harufu ya nguo zilizopigwa pasi, kutoka nyumba hii, na ile, na ile nyingine. Mama yangu! Kesho ni Sabato, tena ya Meza ya Bwana. Wasabato wote wa mtaa, watu wa kanisa lake, walikuwa wanawahi kupiga pasi kabla jua halijazama, kama kila Ijumaa ya maisha yao, ila leo pasi zote kwa mpigo. Mkutanoni hakuna aliyelikumbuka hilo, hata yeye shemasi.

Akageuka, anafoka, aanze kuwasema nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa yake. Mumewe Nyangau alikuwa ameshika pasi, na mezani nguo yake nyeupe ya ushemasi, upande umenyooka, upande una makunyanzi.

"Si uliniambia iwe tayari kabla jua kuzama?" Nyangau akauliza.

Nyasuguta akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Maroa alikuwa amemfuata na jiko lake la makaa. Wakachemsha maji, wakajaza vibuyu vya plastiki, wakavipanga ndani ya mashine. Blanketi halikutosha kufunika. Nyasuguta akaichukua ile nguo nyeupe, bado ina harufu ya pasi, akaitandika juu ya mayai. Sabato ilimkuta akipuliza makaa.

Asubuhi alifika kanisani na gauni la kitenge lililokunjamana. Mashemasi wenzake, weupe pepepe, wamenyooka kwelikweli, wakamkazia macho.

"Dada, nguo nyeupe iko wapi?"

"Vifaranga vyenu vimejifunika nayo," akasema. "Na yangu pia ilipigwa pasi jana."

Mmoja wao akatazama marinda yake, akayafikicha kwa mkono mpaka yakakunjamana.