Rundo Linaloanzia Darini

Mzee Jamleck Mburu alimchinja kuku wake aliyekuwa akiatamia, akamlisha mhubiri mgeni, kwa sababu mashine yake ya kuangulia mayai ilikuwa karibu kukamilika. Mhubiri alitafuna kwa subira ya Kikristo. Mashine haikukamilika. Ndiyo maana Jumamosi ile ya Agosti 2007 mkewe, Wangare, alitoka Bahati hadi Nakuru mjini na mayai kikapuni, yamefunikwa blanketi juu ya chupa ya maji moto, akapanda ngazi hadi darasa letu la kompyuta, alikosoma mumewe, juu ya duka la redio la Mayur.

"Baba Joan," alimwambia mumewe, "maji yanapoa. Hiyo mashine ifanye kazi ama nikaange."

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao, balbu, na chipu ndogo nyeusi ya kuiwasha na kuizima. Balbu iliwaka vizuri. Joto lilipozidi, chipu iliacha shughuli zake, ikakimbia kuizima balbu, na haikurudi tena kazini. Sanduku likapoa kama kaburi.

Hemali, binti yake Mayur, ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alisoma programu ya Jamleck kwenye kompyuta.

"Mzee, tulisema nini juu ya rejista zenye kazi maalum?"

Jamleck alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Rejista ni vijumba vya namba ndani ya chipu. Za kawaida ni vibarua, unazibebesha chochote. Lakini kuna wakubwa watatu. Wa kwanza anajua mstari unaofuata tu, hajui kingine, kama wazee wa kanisa letu. Wa pili anashika bendera: hesabu iliyopita imetoa sifuri, imezidi, imekopa. Huyo ni mmbea. Wa tatu anaonyesha rundo limefika wapi, pale chipu inapoweka anwani ya kurudia ikiitwa ghafla."

"Vizuri. Na rundo lako umelianzisha wapi?"

"Sakafuni."

"Nilisema darini."

"Ulisema, nikakusamehe. Wewe hujawahi kupanga magunia. Nimesimamia stoo ya mahindi hadi mvi, sijaona gunia linaloning'inia."

"Katika chipu hii rundo hukua kwenda chini, mzee. Ukianzia sakafuni, mizigo inatoboa sakafu. Na huko chini anaishi nani?"

Jamleck alitazama daftari lake. Ramani ya kumbukumbu ya chipu alikuwa ameichora mwenyewe, kwa rula.

"Mmbea wako na yule wa rundo," Hemali alisema. "Anwani ya kurudia inawaangukia kichwani. Mmoja anapoteza bendera, mwenzake hajui tena rundo liko wapi. Nani atairudisha chipu kazini?"

"Waliotengeneza kitu hiki hawajawahi kulima."

"Inawezekana."

"Ni wajinga."

"Hao wajinga hawako hapa, mzee. Mayai ndiyo yako hapa."

Wangare aligusa chupa, akaguna, akaanza kuyahamishia mayai ndani ya sweta yake, moja moja. Achola, fundi wa pikipiki tuliyesoma naye, aligeukia dirisha na kuyasoma mabango ya wagombea kwa bidii ya ajabu. Kifua cha mama wa watu kiliongezeka hadi akashindwa kuinama.

Jamleck alimtazama mkewe, kisha akavuta kibodi. Alifuta namba yake, akaandika anwani ya mwisho kabisa ya kumbukumbu, huko darini, akikibonyeza kila kitufe kana kwamba ni jicho la mtu.

Balbu iliwaka. Joto likapanda, ikazima. Darasa zima likainamia sanduku. Joto likashuka, na balbu ikawaka tena.

"Imerudi kazini," Achola alisema.

Wangare alianza kuyatoa mayai kifuani na kuyapanga sandukuni. Lilipoingia la mwisho, Jamleck alikohoa kama mshindi, akanyoosha mkono kuchomoa waya ili waende zao nyumbani.

Mkewe alimpiga kofi mkononi.

"Usiguse. Nenda Bahati ukakame ng'ombe. Mimi nalala hapa hapa mpaka vifaranga waanguliwe, na huyu msichana ataniambia mahali choo kiko."