Rota Ndani ya Unga

Mume wangu Mathieu ana neno kwa kila gari kuukuu linalopita mtaa wetu wa Nyakasanza. Jumapili misa ikiisha, wanaume hawamsalimii kwanza, wanamfungulia boneti. Naye anainama, anaisikiliza injini, halafu anaanza mahubiri ya pili. Maji yatazamwe asubuhi injini ikiwa baridi, maana anayefungua radieta ya moto atarudi nyumbani na uso mwingine. Chujio la hewa lipigwepigwe lidondoshe vumbi, kwa sababu vumbi la Bunia linakula injini kabla ya kutu. Tangi likivuja, paka sabuni ngumu ya kufulia, itashika mpaka ufike kwa mchomeleaji, lakini usiichukue sabuni kuwa ndiyo matengenezo. Ule ukungu mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri uoshwe kwa maji ya moto, pakaushwe, papakwe grisi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," anamalizia. Mimi wakati huo nimesimama kando na kitenge changu cha misa, njaa inaniuma.

Gari lenyewe ni Corolla ya zamani iliyotoka Uganda, usukani kulia, rangi ilikuwa nyeupe enzi zake. Mimi naliita mke mwenza. Linaoshwa kabla mimi sijapata chai. Likikohoa, Mathieu hali. Nikikohoa mimi, anauliza kama kuna asali.

Lakini mwaka huu nilipunguza masihara, maana gari lilikuwa na kazi. Binti yetu Aimée alikuja kukaa kwetu na mimba kubwa, kwa kuwa mumewe Rodrigue anachimba dhahabu Mongbwalu na kule hakuna wa kumwangalia. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza. Uchungu ulianza, wakangoja, wakatafuta wa kumbeba, na walipofika kwa daktari mtoto alikuwa ameshachoka. Safari hii mkunga alimwambia waziwazi kwamba hawezi kuzaa bila kupasuliwa: uchungu ukianza tu, uje hapohapo. Aimée alilia siku hiyo. Baba yake alimwambia, "Usiogope, mama. Gari iko."

Nami niliamini, kwa sababu namjua. Mathieu analiegesha gari kinyumenyume, pua ikitazama barabara. Tangi halishuki chini ya nusu. Asubuhi analiwasha hata kama hatuendi popote, analiacha lingurume mpaka lipate joto, halafu analizima. Majirani wanafikiri ni majivuno, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sisi ni watu wa Djugu. Siku tuliyokimbia vita huko, gari hili lilikuwa nyuma ya nyumba, pua ukutani, na betri ilikuwa imekufa. Mathieu alikuwa amesema ataishughulikia wiki ijayo. Tuliligeuza kwa mikono huku tunasikia risasi. Mdogo wake, Emery, alisukuma kwa nyuma na vijana wengine wawili, mimi niko ndani na watoto. Lilipowaka, Emery alitakiwa akimbie arukie. Mathieu hakuweza kusimama, kwa kuwa injini ingezima, na ikizima haiwaki tena. Alipunguza mwendo kidogo tu. Mimi niligeuka nikamwona Emery anakimbia na shati lake la bluu, halafu kona ikamficha.

Hatukumwona tena. Wale vijana wawili walifika Bunia kwa miguu, yeye hakufika. Matanga yake hatukufanya, kwa sababu Mathieu alisema mtu ambaye hajaonekana hajafa. Mimi nililia peke yangu, na bado nalia, lakini mbele yake sikutaja jina hilo. Badala ya kulia, mume wangu alianza kuosha vichwa vya betri.

Basi tukawa na gari lililo tayari siku zote. Tatizo likawa kwamba gari lililo tayari kwako liko tayari kwa mwizi pia, na kwa mtu mwenye bunduki. Kwa hiyo kila magharibi Mathieu alifungua delko, lile kopo linalogawa moto kwenye buji, yaani plagi za injini, akatoa kipande kidogo cheusi kinachozunguka ndani yake. Wanakiita rota. Ni kitu cha kushika kwa vidole viwili, plastiki yenye ulimi wa shaba, na bila hicho gari ni kibanda cha kuku. Akakifunga kwenye plastiki kisipate unyevu, akakificha, kila jioni mahali papya. Hakuniambia wapi. Alisema wakija wakaniuliza, afadhali niwe sijui kweli. Mimi nilikuta rota ndani ya kiatu changu, ndani ya sufuria ya maharage, mara moja chini ya kuku anayeatamia.

Sasa, siku hiyo jirani yetu Mama Anastasie alikuwa amefiwa na mumewe, na matanga yalikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwetu huendi matangani mikono mitupu. Asubuhi nilichukua mfuko wote wa unga wa muhogo, nikaufunika na kitenge, nikaupeleka kwa wamama wanaopika, nikatoa pole, nikarudi kumpikia Aimée uji. Nilikuwa bado nawasha moto mvua ilipoanza, ile mvua ya Bunia inayofanya barabara iwe mto. Kwa ajili ya mvua hiyo Mathieu hakuliwasha gari kama kawaida yake. Alisema atangoja ipungue.

Aimée alisimama mlangoni akashika tumbo. "Mama," akasema, "imeanza."

Mathieu hakupoteza hata pumzi. Alibeba betri kutoka chumbani inakolazwa usiku, akaifunga garini, akaingia jikoni. Nilimsikia anasogeza vitu. Kisha akatoka mikono mitupu.

"Mama Aimée. Mufuko ya unga iko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. "Niliipeleka kwa matanga," nikasema. "Ulitia mule?"

"Katikati kabisa."

Ningeweza kumpiga. Kweli, mkono uliniwasha. Gari lote hilo, grisi yote hiyo, na moyo wake uko kwenye unga wa watu. Waendesha pikipiki walikuwa wamejificha chini ya mabati kwa mvua, na hata angepatikana mmoja, Aimée hakuweza kukaa juu ya pikipiki, maumivu yalikuwa yamemkunja. Nikamwambia Mathieu amweke Aimée kwenye gari. Nikavua ndala, nikakimbia.

Chini ya turubai la matanga nilikuta kimya. Matangani wamama wanaopika hawanyamazi, wanaimba au wanatetana juu ya chumvi. Hawa walikuwa wamesimama mbali na beseni la unga. Juu ya mfuniko wa sufuria, peke yake, kulikuwa na kifurushi kidogo cha plastiki nyeusi kilichofungwa kwa uzi mwekundu, na chekecheke kando yake. Uzi ule niliujua. Ulitoka kwenye mfuko wangu wa vitunguu.

Mama Anastasie alikuwa kwenye mkeka wake wa ujane, kichwa kimefungwa. Hakupandisha sauti.

"Mama Aimée, hii kitu ilitoka mu unga yako."

Hapo ndipo nilipoona jinsi walivyokuwa wananitazama. Marehemu alikuwa amekufa ghafla baada ya kula, na watu walikuwa wameshaanza kuuliza alikula kwa nani. Kisha kifurushi cheusi chenye uzi mwekundu kinatoka kwenye unga wa jirani. Mimi mwenyewe ningekuwa nimesimama nao kule mbali.

"Ni ya gari ya Mathieu," nikasema. "Aimée ameshikwa na uchungu. Naomba munipe."

"Gari inakulaka unga?" akauliza Mama Gertrude, mpishi mkuu wa kila matanga ya mtaa wetu, mwanamke ambaye hata padri anamwogopa.

"Mathieu anaitoshaka mu motere mangaribi, batu basiibe gari. Anafichaka."

"Na kamba nyekundu ni ya nini?"

 Mtoto wangu anateseka nje, na mimi naulizwa rangi ya kamba.  "Ni juu mume wangu ni mujinga," nikasema.

Mmoja wao alicheka, akaziba mdomo kwa kuwa ni matanga. Nikafungua uzi kwa meno, nikawaonyesha rota mkononi. Haikusaidia kitu. Ukiitazama hujui ni nini, na ule ulimi wa shaba unang'aa kama hirizi. Nikamtazama Mama Anastasie, maana unga uliletwa kwa ajili yake na neno lilikuwa lake.

 Mjane haondoki kwenye mkeka, vinginevyo nadhani angekuja mwenyewe. "Muende naye," akawaambia. "Gari ikiwaka, mumusaidie. Isipowaka, murudi naye hapa. Na ile unga isipikwe kwanza."

Tukatoka kwenye mvua, mimi mbele, wamama sita nyuma yangu na vitenge vichwani, kama askari wamemshika mwizi wa kuku. Aimée alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, ameuma kitambaa. Mathieu alikuwa amefungua boneti na kuifunika na turubai letu. Aliichukua rota bila kuuliza wale wote wamefuata nini. Aliipangusa kwa shati la ndani, akakwaruza shaba kwa ukucha, akakausha mfuniko wa delko, akabana vibanio viwili.  

Akaingia, akazungusha ufunguo. Liliwaka mara moja.

"Basi ni ya gari," akasema Mama Gertrude, na neno la uchawi likaishia hapo.

Lakini uwanja wetu uko chini ya barabara, na pale getini mvua ilikuwa imechimba. Magurudumu yakazunguka bure, yakaturushia udongo mwekundu mpaka machoni. Mathieu alipiga kelele dirishani kwamba tusukume bila kuacha, kwani gari kwenye tope likishapata njia halisimamishwi, ndiyo kanuni yake na anawafundisha watu kila Jumapili. Wamama wakafunga vitenge viunoni. Tukaweka mikono juu ya mke mwenza, tukasukuma. Mara ya kwanza likarudi. Mara ya pili likapanda, likachomoka, likafika barabarani. Mimi nikaanguka kifudifudi.

Nilipoinua kichwa, gari lilikuwa linaenda. Nililiona kwa nyuma, na nikajua sasa Emery aliona nini. Sikumlaumu Mathieu. Nilisema moyoni enda, enda, usimame kwa nini, mtoto afike. Mimi nitakuja kwa miguu.

Taa nyekundu zikawaka. Gari lilisimama katikati ya barabara, kwenye mvua, injini ikinguruma kwa nguvu kwa sababu alikuwa amevuta breki ya mkono na mguu wake uko kwenye mafuta. Mlango wa upande wangu ukafunguliwa kutoka ndani.

Nikakimbia, nikafika naona giza. "Enda tu!" nikamwambia. "Itazima!"

"Haitazima," akasema. "Naisikia. Panda."

Nikapanda na tope langu lote. Hakuondoka palepale. Alitazama kwenye kioo, nami nikageuka kuangalia anatazama nini. Walikuwa wale wamama tu, wamesimama getini petu. Alihakikisha wote wamesimama, hakuna anayekimbia nyuma yetu. Alinyanyua mkono, nao wakanyanyua, kisha akashusha breki tukaenda. Njia nzima machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimwachia. Aimée ndiye aliyehitaji mkono wangu.

Hospitalini walimpasua mapema, na mtoto alitoka analia. Msichana, mzito, ana masikio ya Rodrigue. Rodrigue tulimpata kwa simu mchana, na nadhani Mongbwalu nzima ilimsikia.

Jioni nilimwacha Aimée na dada yangu, aliyekuja hospitalini mvua ilipoisha, tukarudi na Mathieu. Sikutaka kupita mbele ya matanga na matope yangu, lakini yeye aliegesha hapohapo nje, akaingia. Unga wetu ulikuwa bado kwenye beseni. Mama Gertrude alikuwa ametii, hakuupika. Akaupika mbele yetu, na kama inavyotakiwa chakula kikishukiwa, sisi tulioleta tukala kwanza, watu wakitutazama. Mathieu alimeza matonge mawili. Kisha wengine wakanawa mikono.

Nilifikiri tumemaliza. Yeye akasogea, akachuchumaa mbele ya mkeka wa Mama Anastasie, rota iko kwenye gari na ufunguo bado mkononi.

"Mama," akasema, "na siye tuko na mutu yetu. Ndugu yangu, Emery. Alitusukuma, akabakia. Hatujamulilia."

Mama Anastasie alimshika mkono. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na safari hii sikujificha.

"Tukimaliza hapa, tutakuja kwenu," akasema. "Mutayarishe unga. Lakini muichekeche kwanza."