Nereah Akwama Ngazi ya Kwanza

Jumatatu asubuhi, katika chumba chao cha mabati pale mtaa wa Raila, Nereah aliwaka kwa zamu. Pumzi ilitangulia, zikafuata kope, kisha vidole, halafu miguu ikajikunja na kujinyoosha. Hapo akakwama. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Mwanawe Boaz, aliyekuwa akichemsha chai kwenye stovu, alimwita, akamwita tena, kisha akapunguza moto.

Boaz alikuwa fundi wa seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine, katika kampuni moja huko Barabara ya Ngong, kwa hiyo alichokiona alikijua. Seva hairuki kutoka usingizini kama jogoo, hupanda ngazi. Kwenye sifuri imezimwa. Kwenye ngazi ya kwanza imewaka, ila inamtambua mtu mmoja tu, mwenyewe anayeimiliki, na kutii amri zake peke yake. Wengine hufunguliwa mlango ikifika ya tatu. Mama yake alikuwa kwenye ya kwanza. Boaz aliketi kando ya kitanda akingoja atambuliwe, maana mwenyewe angekuwa nani mwingine? Yeye ndiye mtoto wake wa pekee.

Jirani yao Valentine alichungulia, akasema shemeji yake kule Kianda aliwahi kukwama vivyo hivyo, akaomba chumvi, akaenda zake.

Baadaye simu ya Nereah ikalia. Boaz akaipokea, akaiweka kwenye spika.

"Nereah, kwani uko wapi? Vyombo vimejaa huku."

Nereah akainuka. Alijifunga kitambaa kichwani, akavaa raba zake, akashika njia ya Kawangware. Boaz alimfuata nyuma kwa miguu mpaka huko, na kusema kweli ilimuuma sana kwamba sauti iliyotiiwa haikuwa yake.

Mwenye sauti ile alikuwa Wakarima, mama mwenye ploti ya ghorofa ya kupangisha. Nereah alianza kumfanyia kazi wakati Boaz alikuwa bado ananyonya. Alimlea Maggie, binti wa Wakarima, akamsuka nywele, akamfundisha kutembea. Boaz alilelewa na nyanya yake Bungoma, akaletwa Nairobi akiwa ameshaota ndevu.

Jikoni, Boaz alimweleza Wakarima mambo yalivyo. Wakarima hakushangaa.

"Nilijua kuna kitu. Siku hizi hata hasalimii, lakini sufuria zinang'aa."

"Mama Maggie, ni wewe tu anakuskia. Mwambie kazi imeisha, aende kwa mtoto wake. Atapanda."

"Sasa Boaz, Jumamosi ni ruracio ya Maggie. Wazee wanakuja kuongea mahari na wewe unataka nimwachilie mpishi? Wacha kwanza ipite."

Boaz angeweza kumvuta mama yake mkono akaenda naye. Lakini ukiing'oa seva waya, chochote ambacho haijahifadhi kinapotea, na Boaz hakujua mama yake alikuwa amehifadhi nini kumhusu. Akangoja.

Ruracio ikapita vizuri. Mbuzi alikatwa sikio kama ilivyo desturi, wazee wakacheka, Nereah akasimama kando ya sufuria ya mukimo. Maggie alimkumbatia akamwita mama yangu wa pili. Nereah hakupepesa jicho.

Jioni hiyo Wakarima, haki yake apewe, alitimiza ahadi. Alipangusa mikono, akasimama mbele ya Nereah.

"Nereah, kazi imeisha. Nenda kwa mtoto wako."

Nereah akaanza kupanda. Boaz aliona shingo ikilegea, macho yakiingia maji. Yakazunguka jikoni, yakampita Wakarima, yakamfikia yeye, yakatulia hapo. Midomo ikafunguka.

"Bo..."

"Na kesho uje mapema," Wakarima akamalizia, "kuna sahani za kurudisha."

Uso ukajifunga. Nereah akachukua mfuko wake, akasimama mlangoni.

"Woi, Boaz," Wakarima akasema, ameshika mdomo. "Ni mazoea. Miaka hiyo yote nimemuaga hivyo."

Akajaribu tena, na tena. Aliuma ulimi, akaweka leso mdomoni. Maneno yalitoka na mkia wake vilevile. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na vyombo. Nyumbani Nereah alijizima kwa utaratibu, miguu kwanza, kope mwisho, na Boaz akamfunika blanketi.

Siku hizi Boaz humsindikiza mama yake kila asubuhi. Jioni akitoka kazini hupitia Kawangware, akanawa uso kwenye mfereji wa nje, akaingia jikoni. Husimama karibu sana, ili macho ya mama yasipoteze muda kumtafuta. Wakarima husema maneno yake. Nereah hupanda, humwona, huanza jina.

Jana Wakarima alipaliwa na chai katikati ya sentensi, na Nereah akafika hadi "Boa". Boaz alisogeza sikio. Wakarima akakohoa, akameza mate, akasema kesho aje mapema.