Vifungo Mia na Ishirini

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2015, saa tisa na dakika kumi alasiri, rasharasha ikiwa imekatika punde tu na jua likianza kuutoa mvuke barabarani, fundi wa mizani alirudishia mlango wa karakana yake, akafuta meza ya kazi kwa kitambaa kikavu, kisha akahesabu vifungo vya mashati mia mbili na arubaini. Alivigawa mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu moja alilivuta upande wake. La pili alilisogeza kwa mume wa dada yake mdogo, dalali wa mnada, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo.

Vifungo vilikuwa vya dada. Naye alikuwepo, ameketi mwisho wa meza na pindo la gauni mapajani, akishona kwa mkono, kwani ndiye aliyekuwa shahidi.

Hawakuwa wakichezea fedha. Juu ya rafu, kati ya mizani mbili zilizosubiri wenyewe, palikuwa na sanduku la mbao lenye mahameli ndani yake, na juu ya mahameli yalipangwa mawe ya kupimia kumi na matatu ya shaba ya njano, kuanzia la kilo mbili hadi la gramu moja. Baba wa fundi na dada alikuwa ameyaacha, pamoja na karakana yenyewe, kwa wanawe wawili, nusu kwa nusu. Miaka sita iliyopita fundi alimwahidi dada yake kuununua upande wake, akamwomba avute subira mpaka upatikane mwezi wa nafuu. Mwezi huo haukupatikana. Si kwamba mkono ulikuwa mtupu wakati wote. Bali kila ulipojaa, fundi aliona kwamba mwezi ujao utajaa zaidi.

Sasa dada alitaka kuezeka upya chumba chake cha kushonea, ambacho mvua ilikuwa ikiingia bila kubisha hodi. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa ametaja bei nzuri ya sanduku lile. Fundi hakutaka hata kusikia. Bila mawe yale asingeweza kuthibitisha mizani humo humo karakanani. Kila moja ingebidi aibebe hadi kwa mpimaji wa serikali na kungoja zamu, na nusu ya wateja wangemkimbia. Walibishana miezi mitatu. Mwishowe dada alichoka, akasema kwamba maadamu wanaume hawa wawili hukutana kila Jumamosi kucheza poka, basi na wamalize kwa poka. Akishinda kaka, sanduku libaki na apewe mwaka mwingine. Akishinda mumewe, sanduku liuzwe, fedha zote ziwe zake yeye dada, na deni la nusu yake lihesabiwe kuwa limelipwa.

Fundi alikubali upesi, jambo ambalo si desturi yake, kwa kuwa aliamini kwamba katika karata hakuna anayemzidi nidhamu.

Mchezo wao ulikuwa ule wa viwango maalumu. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa vituo: tatu, moja, na moja ya mwisho. Kabla ya kutazama chochote, mmoja huweka kiingilio cha kifungo kimoja na mwenziwe viwili, wakipokezana. Katika vituo vya mwanzo mtu huweka viwili kwa mkupuo, katika viwili vya mwisho huweka vinne. Hapunguzi wala hazidishi. Asiyetaka kulipa hutupa karata zake na kuliacha rundo; wakifika wote mwisho, hulitwaa mwenye jozi kubwa, au pasipo jozi, mwenye karata kubwa.

Fundi alikuwa ameujifunzia bwenini, enzi za shule, juu ya blanketi la kijivu, wachezaji sita wakiwa wamechuchumaa kulizunguka. Huko ndiko alikopata kanuni yake: tupa, tupa, tupa, ngoja kilicho bora, kisha piga. Kwa kanuni hiyo aliwamaliza wenzake muhula baada ya muhula. Kupandisha dau bila kuwa na kitu mkononi alikuita uongo, na uongo ulikuwa uongo hata ukisemwa kwa vifungo.

Nyundo hakuwa na kanuni, au kama alikuwa nayo ilikuwa moja tu: pandisha. Alipandisha akiwa na karata nzuri, akapandisha akiwa na takataka, akapandisha huku akimsimulia mkewe habari za kabati alilolinadi asubuhi. Fundi alitazama karata zake: nane na tatu. Akatupa. Ghulamu na nne. Akatupa. Tisa na mbili, akatupa. Kila mara kiingilio chake kilivuka meza, kimoja, viwili, kimoja, viwili, kwa sauti ndogo ya plastiki iliyoanza kumkera kama bomba linalovuja.

"Shemeji," alisema Nyundo, akikusanya vifungo kwa kiganja, "hizo karata huwa unazipima kwanza, au unazitupa kwa harufu tu?"

Fundi alinyoosha safu ya vifungo vyake. Bwenini kulikuwa na watu sita, na kiingilio kilimfikia mtu kwa nadra. Hapa walikuwa wawili, na hapakuwa na mkono, yaani mgao wa karata, hata mmoja wa bure. Hilo alilijua kwa hesabu. Aliweza kulieleza vizuri kuliko Nyundo. Lakini alipotazama ghulamu na nne zikimjia tena, vidole vilizisukuma mbali kabla kichwa hakijatoa amri.

Ilipokaribia saa kumi na robo alipata alichokuwa akikingoja: ree mbili, karata zilizo kubwa kuliko zote. Alitunza uso wake, akaweka mgongo wima, akapandisha. Nyundo alimtupia jicho mara moja tu, akazirudisha zake mezani zikiwa zimelala kifudifudi.

"Pole," alisema. "Leo naona umeamka."

Ree mbili zilimpatia vifungo viwili. Fundi alivitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Alikuwa ametoa thelathini na tano kwa kungoja, na alichokingoja kilikuwa kimemlipa viwili. Na haki ilikuwa wapi hapo, alijiuliza, ikiwa mtu akikaa kimya huliwa, na akifungua mdomo wote wanajua atasema nini?

Aliuma meno, akaamua kumkomesha. Alipopata jozi ya kumi alifuata mpaka mwisho, akilipa kila alichowekewa, maana haiwezekani mtu awe na kitu kila siku. Nyundo akafunua malkia mbili. Vifungo kumi na sita vikaondoka kwa safari moja, na Nyundo akaomba radhi kwa unyenyekevu uliokuwa mbaya kuliko kejeli. Baada ya hapo fundi alirudi kwenye ngome yake na kutupa mikono kumi na mmoja mfululizo. Katika wa kumi na mmoja Nyundo alifunua karata zake mwenyewe kwa hiari: saba na mbili, bila jozi, bila matumaini.

Dada alikata uzi kwa meno. "Kaka, hata mimi nisiyejua mchezo huu najua sasa lini una kitu na lini huna."

"Shahidi hasemi," alijibu fundi.

"Basi shahidi ananyamaza. Nimezoea kungoja."

Fundi alitaka kusema jambo juu ya miaka ile sita, kwamba hakuwa mkono wa birika, kwamba alikuwa mwangalifu tu. Lakini Nyundo alikuwa tayari anagawa.

Saa kumi na moja unusu alibakiwa na vifungo kumi na vinne. Akapewa mfalme wa shupaza na tisa ya uru. Akapiga moyo konde, akapandisha, na kwa mara ya kwanza alasiri ile Nyundo alisita. Akalipa polepole. Mezani zikafunuliwa sita, tatu na ghulamu, zisizomfaa fundi kwa lolote. Nyundo akapita bila kuweka kitu. Fundi akaweka viwili. Nyundo akakuna shavu, akalipa. Ikaja nne. Nyundo akapita tena.

Zamu ilikuwa yake. Vifungo vinne vilikuwa tayari kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwenziwe alikuwa ameacha kuongea, hata habari ya kabati ilikuwa imekatika, na fundi aliona wazi, kama aonavyo mshale wa mizani ukitulia, kwamba akiviweka tu, karata za Nyundo zitatupwa. Lakini hakuwa na hata jozi. Kuviweka kulikuwa ni kudai asichokuwa nacho, mbele ya dada yake, juu ya meza ambapo baba yake hakuwahi kugonga muhuri kwenye mizani mbovu. Akavirudisha vifungo kwenye fungu lake. Akapita.

Ikaja mbili, ya mwisho. Nyundo aliweka vinne bila kupepesa jicho, na kwa sauti yake ya mnadani akaanza tena kusimulia juu ya kabati.

Fundi alihesabu. Alipe vinne, abakiwe na vinne. Atupe, abaki na vinane. Vinane ni zaidi ya vinne. Akatupa.

Nyundo alifunua karata zake: ya saba na ya kumi, bila jozi. Mfalme peke yake angetosha kumshinda. "Ungeweka vinne pale nilipopita, shemeji," alisema, na safari hii hakukuwa na utani sautini, "ningekuwa nimekwisha kutupa. Nilikuwa nimekuamini."

Vile vinane viliondoka kwa mikono mitano, navyo hakuna aliyevisimulia.

Nyundo alikuwa wa kwanza kuinuka. Alijikohoza, akasema hapana haraka, sanduku likae hata mpaka mwisho wa mwezi, mnunuzi hakimbii; au wacheze tena Jumamosi ijayo, mchezo una siku zake. Fundi alimsikiliza akiwa amekunja uso. Bado aliamini alicheza sawasawa. Akirudishwa mwanzo, angezitupa tena nane na tatu. Lakini sauti ile iliyosema likae hata mpaka mwisho wa mwezi aliitambua. Ilikuwa yake mwenyewe, na hakupenda kuisikia ikitoka kwa mtu mwingine.

"Hapana," alisema. "Leo."

Alilishusha sanduku, akayafuta mawe yote kumi na matatu kwa ngozi laini, akimtajia dada uzito wa kila moja naye akiitikia, kisha akaandika karatasi yenye tarehe na saa. Dada akatia sahihi. Fundi akafunga kifuniko, akamkabidhi mikononi, na deni la miaka sita likawa limelipwa.