Mdhamini wa Kwanza

Walimwita Gramu kwa sababu aliweza kusimama mbele ya mizani ya duka, akaitazama tu inavyotua, akasema, "Hii inakula gramu tano," na jiwe la kupimia likaja kuthibitisha. Alirekebisha mizani miaka kumi na tisa katika karakana moja, chini ya meneja mmoja. Kampuni ilipopunguza watu, Gramu akapunguzwa, meneja akabaki. Siku ya kuagana meneja alimshika bega.

"Mdogo wangu, popote utakapoomba kazi, andika jina langu. Mimi nitakusemea."

Basi Gramu akaandika. Kwa mwaka mmoja na miezi minne alituma barua, akaitwa kwenye usaili mara sita, na mara zote sita alirudi nyumbani akitabasamu peke yake njiani kwa jinsi mambo yalivyokwenda vizuri. Halafu kimya. Hakuna aliyempigia hata kumwambia hapana.

Mwishowe mkewe akamwita mdogo wake wa kike, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya kuajiri watu. Shemeji huyu hakujaliwa ulimi wa kubembeleza. Alifika Jumamosi asubuhi, akakaa mezani, akausoma wasifu wa Gramu na kalamu nyekundu mkononi.

"Shem, nani alikuambia uandike kwamba unapenda kuangalia mpira?"

"Nilidhani wanataka kunijua."

"Hawataki kukujua. Wanataka kujua utawafaa nini."

Akakata mpira. Akakata shule ya msingi, akakata umri, akakata ukurasa wa pili wote. "Na hizi barua zako arobaini zinasema maneno yale yale. Chagua sehemu tano tu. Kila moja iandikie kama vile ndiyo kazi pekee uliyoiona duniani."

Gramu aliitikia kila kitu, ametulia kama mtoto anayenyolewa. Ndipo kalamu ikafika kwenye majina ya wadhamini.

"Huyu wa kwanza, umewahi kusikia anasema nini juu yako?"

"Huyo ni kaka yangu kabisa. Binti yake ananiita baba mdogo."

"Sikukuuliza binti yake anakuitaje."

Akachukua simu yake, akapiga, akaiweka katikati ya vikombe, sauti nje. Meneja alipopokea, shemeji alilainisha sauti, akajitambulisha kuwa anatoka kampuni inayotaka kumwajiri Gramu kama fundi.

"Ah, huyo," meneja alisema kwa upole. "Mtu mzuri sana. Mtu wa watu." Akashusha sauti. "Ila, dada, nikufiche nini. Mkono umeanza kutetemeka, na kazi yetu hii ni ya mkono. Kichwa nacho si kile cha zamani. Tulimvumilia kwa ajili ya familia yake tu. Lakini mwenyewe asijue, ataumia."

"Nakushukuru, mzee."

"Kila anayenipigia namwambia hivyo hivyo. Namhurumia sana."

Shemeji alikata simu. "Ukienda kwa wapinzani wake, nusu ya wateja wanakufuata," alisema. "Ndiyo maana. Si kwamba anakuchukia."

Gramu alikuwa akimtazama mkewe, na mkewe alikuwa akiutazama mkono wa mumewe uliolala juu ya kitambaa cha meza.

"Ulikuwa unatetemeka?" mkewe aliuliza.

"Tumekaa wote miaka ishirini na mbili."

"Nauliza tu."

Gramu alitoka, akakaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka jua likawa la utosi. Alitaka kumpigia meneja, kaka yake huyo, amsikie anavyojieleza. Shemeji akamkataza. "Akishajua kwamba unajua, atawatafuta waajiri yeye mwenyewe. Mfute tu, basi." Wakamfuta, wakamweka mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wa siku nyingi.

Wiki ya tatu aliitwa. Maswali aliyajibu kama walivyofanya mazoezi, na wasaili wote wawili wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Kisha wakampeleka kwenye meza ya majaribio. Palikuwa na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, kibano, na mawe ya kupimia madogo kama punje za mtama. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara elfu na elfu huku akipiga soga. Safari hii aliutazama mkono wake, aone kama utatetemeka.

Ukatetemeka. Jiwe likaponyoka, likabingirika chini ya meza, na msaili aliyekuwa na umri wa mwanawe akapiga magoti kumtafutia.

"Usijali, mzee," alisema akiinuka na kujipangusa vumbi. "Tutakupigia."

Siku ya pili shemeji alipiga simu. Alikuwa na rafiki pale. "Wamesema mkono, shem. Sasa mimi nifanyeje? Tutafute kazi ya kukaa."

Na kwa kutafuta, shemeji hakuwa na mpinzani. Kabla mwezi haujaisha Gramu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala linalonunua nafaka, ana kiti, daftari na kofia. Mkewe alimfulia shati usiku, akalipiga pasi mara mbili.

Gunia la kwanza lilipowekwa aliona. Hakuhitaji jiwe la kupimia. Alimfuata msimamizi pembeni.

"Mizani yako inakula kilo mbili kwa kila gunia. Nipe bisibisi na dakika kumi."

Msimamizi hakushangaa hata kidogo. "Wewe umeajiriwa kusoma," alisema. "Soma."

Nje foleni ilizunguka ukuta. Gramu akarudi kwenye kiti. Aliyefuata alikuwa mama mmoja mwenye magunia matatu, kanga imemlowa jasho mgongoni. Alitazama namba, akamtazama Gramu, mtu mzima mwenye shati safi.

"Baba, nyumbani tulipima ikawa zaidi. Hii mizani iko sawa kweli?"

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Iko sawa, mama," Gramu alisema, akaandika, akamwita anayefuata.