Harufu Anayoijua Shaibu

Sikudhani, mama wa kichanga Shaibu, analala mchana kweupe, amekaa vilevile, mgongo ukutani, matiti yamejaa mpaka yanauma, na mwanawe anamsikia akilia chumba cha pili mikononi mwa wifi. Tangu asubuhi Shaibu hajanyonya. Leo ndiyo siku ya mama kutolewa nje baada ya kukaa ndani na kichanga, na wifi yake Hidaya hakufanya mzaha: kamsugua liwa ya kunukia mwili mzima, kamfukiza udi mpaka kwenye mizizi ya nywele, kamfunga doti jipya la kanga, akarudi nyuma kumtazama, akasema, haya, sasa umekuwa tena mke wa mtu. Mtoto akaletwa, akanusa, akageuza shingo, akapiga ukelele. Hidaya akasema hilo ni jicho la watu, tumfukize mama tena. Wakamfukiza tena. Mtoto akakataa zaidi. Sasa moshi umejaa chumbani, macho yanamwasha Sikudhani, anayafumba kidogo tu, na moshi unafunguka mbele yake kama pazia la mlangoni, naye anapita.

Ng'ambo kuna barabara isiyo na mwisho, na kila anapokanyaga inatoa harufu nyingine, vumbi lililopata mvua, halafu mafuta ya taa, halafu ubani wa msibani, na moyo wake unatangulia kila mara, unafurahi, unashtuka, unataka kulia, kabla akili haijamwambia ni kwa nini. Kando yake anatembea mwanamke aliyejitanda kanga, na ndani ya kanga hamna uso, pametulia laini kama yai. Sikudhani haogopi, hana nafasi ya kuogopa. Mwanangu yuko wapi, bibi? Yuko mbele, anajibu yule mwanamke, lakini huku mtoto hatolewi kwa sura, sura zenyewe hatuna, anatolewa kwa harufu, useme ile anayokujua nayo. Na nisipoweza? Basi atalia huku, nawe utalia huko.

Wanaingia mji wenye mji mwenzake juu yake, umening'inia miguu juu kama unajitazama majini. Chini, muuza ng'onda, samaki mkavu, anaita, njooni, inanukia hii, na juu, mtu yuleyule, mkono uleule, ng'onda ileile, anaziba pua na kufoka, inanuka, iondoeni. Nani mkweli kati yao? Wote, anasema asiye na uso, kila mmoja ananusa kwa pua aliyolelewa nayo. Nyumba zinasogea, barabara inajikunja na kurudi, mpaka inawafikisha kwenye mlango mkubwa, na nyuma ya mlango ni sauti ya Shaibu, imeshaanza kukauka.

Nanukia udi, anasema Sikudhani haraka. Huo ni udi, wewe hujafika bado. Nanukia vizuri. Vizuri ni sifa, mwanangu, hata maiti anasifiwa. Basi ni harufu tamu. Tamu ni ya ulimi, neno hilo umeliazima bila hodi. Mama mzima, harufu yako huijui? Mtu hajinusi, anajibu Sikudhani, mbona wewe hujioni? Yule mwanamke anacheka kwa tumbo, kwa kuwa mdomo hana, anasema, hilo nimelipokea, lakini mlango haufunguki kwa ujuvi.

Sikudhani anavuta pumzi. Anajua maneno ya harufu mbaya, shombo, kikwapa, uvundo, hizo watu wamezipa majina yake kamili. Nzuri huwa wanazitaja kwa zilikotoka, ya hiliki, ya mvua, ya mkate. Basi sikiliza, anasema. Ni ya shingo yangu kwenye joto, na ya maziwa yaliyomwagikia kanga kuukuu yakachachia humo, na ya mchaichai niliokata nikamnyonyesha bila kunawa. Na ya hofu, ndiyo, hofu, lile jasho jembamba lenye chuma ndani yake, lililonitoka alipozaliwa akanyamaza, nikadhani hatapumua, akapumua. Na kila neno analolitamka linamvua kitu, udi unamtoka nyweleni, liwa inapukutika mabegani, doti jipya linateleza na kuanguka. Hiyo haina jina, bibi, ina kwao tu, na kwao ni mimi.

Hujasema inafanana na nini, anasema asiye na uso. Haifanani na kitu, anajibu Sikudhani, na safari hii hana haraka. Ndiyo ya kwanza yake. Vitu vingine vyote vya dunia hii yeye atavifananisha na hiyo. Mlango unafunguka bila kuguswa.

Kuna uzito mdogo kifuani na mdomo unaovuta kwa nguvu, kwa pupa, mpaka maumivu yanalegea yote. Shaibu ananyonya. Sikudhani amefunga kanga yake kuukuu, ngozi yake ni mbichi ya maji, na hakumbuki kisima wala ndoo. Hidaya amesimama mlangoni ameshika chetezo kilichozimika, anasema, we wifi, mimi nimemlaza mtoto kule nikaenda jikoni tu, umeoga saa ngapi, na mtoto kakuletea nani? Sikudhani anafungua mdomo amjibu kwamba alikuwa anaota, halafu anaufumba. Akilisema hilo, huenda akaamka. Anamsogeza Shaibu vizuri kwenye mkono, naye Shaibu, jicho moja wazi, anameza.