Kikombe cha Mwenyeji

Nianze na hili lisije likasahaulika: mimi sina ngoma, yaani UKIMWI. Sikuwa nayo wakati ule, na leo sina. Nalisema kwa hasira kwa sababu mji mzima wa Singida, kuanzia sokoni hadi huku Utemini ninakoishi, ulinitolea majibu bila kunichoma hata sindano.

Kosa langu lilikuwa kukonda. Hadi mwaka 2005 nilikuwa na kilo mia moja arobaini na mbili, na kila kilo ilikuwa na heshima yake. Nikiingia sokoni watu walinipisha. Mume wangu Gasto alikuwa karani wa ushirika, na ushirika ulipokufa na biashara kuruhusiwa, tulinunua mashine tukaanza kukamua alizeti. Watu walinitazama wakasema mafuta ya Mama Jenifa ni mazuri, mwoneni mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza magoti yangu yanasemaje. Kisha Gasto akafa kwa kisukari, amebaki mifupa mitupu, na pale pale makaburini nikasikia kwa masikio yangu mtu akinong'ona kwamba hiyo si sukari, amekanyaga waya. Mwaka uliofuata nikapimwa, na mimi sukari ninayo, na presha juu. Daktari akasema nisipopungua nitamfuata mume wangu. Jenifa ndiye mwanangu pekee. Nilienda India kukatwa tumbo.

Wanalipunguza linabaki kiasi cha yai, halafu wanaliunganisha na utumbo kule chini, ili mtu ashibe kwa vijiko vichache. Kukatwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kahawa.

Wanaonijua wananijua kwa kahawa. Pale sokoni kuna benchi la wazee wanywa kahawa, na mwanamke aliyekaa pale nilikuwa mimi peke yangu. Vikombe kumi kabla ya saa sita, tumbo tupu, vingine jioni tukipakia lori, na usiku nikalala kama gogo. Wale madaktari wakasema niiache wiki mbili kabla ya kupasuliwa. Siku tatu za kwanza kichwa kiliniuma hadi nikawagombeza kuku. Baada ya kupasuliwa daktari akachukua kalamu, akanichorea tumbo la zamani na tumbo jipya. La zamani, alisema, kahawa ilikaa humo ikachanganyika na chakula, kafeini ikaingia mwilini polepole. Hili jipya halina pa kuiweka. Inashuka moja kwa moja, inafika kwenye damu hujaweka kikombe chini, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, na pale paliposhonwa panachubuka. Zaidi ya hayo inazuia madini ya chuma, nami damu yangu ilikuwa tayari inayapata kwa shida. Miezi kadhaa nisiguse kabisa. Baadaye, kidogo, tena niwe nimekula, na sukari niiogope vile vile.

Nikamuuliza hata chai ya rangi? Akasema hata chai ya rangi.

Sasa niseme kosa langu la kweli. Niliporudi niliwaambia watu kwamba nilikwenda kuangalia mashine mpya ya kukamua. Jenifa tu ndiye aliyejua. Mwaka ule wa 2006 mvua ilikuwa imekata, alizeti imekaukia shambani, na kwetu Mungaa ndugu zangu walikuwa wanapanga foleni ya mahindi ya msaada tangu alfajiri. Ningesimamaje mbele yao niseme nimelipa nikatwe tumbo ili nisile? Niliona aibu, nikanyamaza. Kilo zikaanguka, magauni yakanining'inia, na kimya changu kikawa ushahidi wao. Mume alikonda akafa, sasa mke. Wateja wangu wa miaka kumi wakaanza kuja na madumu yao wenyewe ili wasiguse yangu. Kana kwamba ugonjwa ule unaambukizwa na dumu la mafuta! Nilikasirika hadi nikakosa usingizi.

Ndipo ikaja posa ya Jenifa. Mwanamume alikuwa Laurian, mwalimu wa kijiji cha Mkiwa, kijana mtulivu waliyependana naye miaka miwili. Jenifa hakuwa na mwingine moyoni, na nilijua posa ile ikivunjika kwa sababu ya mwili wangu, mwanangu atanisamehe kwa mdomo lakini atalibeba maisha yake yote. Walikuja watu saba, wakiongozwa na baba yake, Mzee Urbano, na shangazi yake, Luciana, mama mwenye macho yasiyokosa kitu. Upande wetu alisema kaka yangu Calist.

Kwetu wakwe wakija mara ya kwanza, mama wa binti anamimina chai mbele yao, birika moja, na anakunywa yeye kwanza, kikombe kizima hadi chini. Ndipo wageni wanagusa vyao. Asiyeonja ana lake jambo ndani ya hicho chungu. Ni desturi ya zamani ya pombe, imehamia kwenye chai, na haina mlango wa nyuma. Jenifa aliniomba jikoni nimwambie Calist aeleze kwamba naumwa tumbo. Nikamwambia mama mkwe anayeumwa tumbo na amekonda hivi, si ndiyo kabisa?

Nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa pilikapilika. Chai ilikuwa kali, tangawizi na sukari nyingi, maana maziwa hayakuwepo mwaka ule na mgeni hapewi chai nyepesi. Nikaimimina, nikainywa yote. Nakiri kwamba mdomoni ilikuwa tamu, miezi mitatu sijaonja.

Haikupita robo saa. Moyo ulianza kugonga hadi nikausikia masikioni. Jasho likanitoka usoni, likashuka shingoni, kitenge kikalowa. Nilikuwa bado nimeshika kikombe na kisahani chake, vikaanza kugongana, nikajaribu kuvituliza, vikazidi. Watu saba walikuwa wananitazama mikono. Hakuna aliyekuwa ameinua chake.

Luciana akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Tunashukuru kwa chai, Mama Jenifa. Tumeona."

Nikaona hapana. Nilimshika mkono nikamwingiza chumbani, nikamwambia yote, India, tumbo, kafeini, nikamfunulia nilipopasuliwa. Sasa tazama balaa. Wale walinipasua kwa vitundu vitano, kila kimoja upana wa ukucha, na vilikuwa vimekwisha kufifia. Luciana akafunua tumbo lake mwenyewe akanionyesha mshono wa hospitali ya misheni, kutoka kitovuni hadi chini, mnene kama kamba ya kisima.

"Mimi nimepasuliwa mara mbili, najua kupasuliwa," akasema. "Na mwaka huu wa njaa, mwenzangu, hakuna mtu anayelipa ili asile."

Nikashusha nguo. Ukweli wangu ulikuwa wa ajabu kuliko uongo wao. Wakaaga, wakaondoka, wakaacha vikombe saba vimejaa mezani. Jenifa alivitazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimelala kwenye kochi, moyo bado unakimbia, nikamwona Rukaiya anaingia. Huyu ni jirani yangu, tunapakana ua. Mumewe alifariki, yeye akapima, akakutwa na virusi, akasimama msikitini kwao upande wa wanawake akasema wazi. Alikuwa anameza dawa za kurefusha maisha, mwaka wa pili. Mimi nilikuwa namsalimia vizuri sana kupitia ua. Siku ile alikuwa ameomba aje kunisaidia kupika, nikamjibu watu wanatosha. Watu hawakutosha. Sikutaka wakwe wamwone.

Alikusanya vile vikombe akamwaga chai, akaanza kuviosha bila kuniuliza. Akasema, "Chai yangu huwa wanaiacha hivi hivi. Ile uliyokuja kunywa kwangu, arobaini ya mume wangu, uliimwaga kwenye ua la kopo pale dirishani. Ua likafa."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ningepata pa kushika. Nilikuwa nimewakasirikia watu miezi mitatu kwa kunidhania ninachokifahamu fika kwamba sina, na muda wote huo hasira yangu ilikuwa inasema jambo moja tu: mimi si kama Rukaiya. Nilijionea haya. Nikamwomba kama ana kitu chochote kisicho na majani ya chai. Akaenda kwake akarudi na uji mwepesi wa ulezi, akaonja yeye kwanza mbele yangu, kwa desturi, akanipa. Nilikunywa vijiko sita, ndio uwezo wangu wote.

Wiki tatu baadaye barua ikatoka Mkiwa. Laurian amekataa kuoa kwingine, Mzee Urbano amekubali mazungumzo yaendelee, lakini ukoo unataka cheti. Si cha Jenifa wala cha Laurian, hao walishapimwa kanisani kwao kama wachumba wote. Walitaka changu. Mama mkwe apimwe, kana kwamba ninaolewa mimi.

Na cheti nilikuwa nacho! Kabla ya kunikata, wale madaktari wa India walipima kila kitu cha mwili huu, na majibu yalikuwa kwenye mkoba wangu wa ngozi, yana mhuri na tarehe, yameandikwa sina. Karatasi moja tu, na mji mzima ungefunga mdomo. Niliitoa nikaiweka mezani mbele ya Jenifa. Nikamwambia aamue yeye, maana ndoa ni yake, nami ningeituma siku hiyo hiyo bila kinyongo. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Na kama ingeandikwa unayo, ningekuwa si mwanao?"

Calist akatumwa awaambie waje tu.

Siku waliyokuja, jiko la mkaa liligoma kushika. Jenifa akachukua ile karatasi akaikunja, akaisokota, akaiweka chini ya mkaa. Nilimwona. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia, na sikumzuia. Kiberiti aliwasha yeye.

Wakakaa wale wale saba. Rukaiya alikaa kando yangu kwenye mkeka, amejifunga kanga mpya. Tulikuwa tumeshauriana naye, na jambo alilonisisitizia ni kwamba nisimfiche kwa maneno mazuri. Kwa hiyo nikasema: "Mimi chai tumbo langu haliiwezi, na nimeshawaeleza kwa nini, mkatae au mkubali. Ataonja dada yangu. Anaitwa Rukaiya. Anaishi na virusi na anameza dawa."

Rukaiya akamimina, akanywa kikombe kizima hadi chini, taratibu, akakigeuza wakaona kwamba ni kikavu. Kisha akamimina vya wageni saba.

Luciana akauliza cheti kiko wapi.

"Ndicho kilichochemsha hiyo chai," nikamwambia.

Akageuka kumtazama kaka yake, akitegemea mzee atasimama. Mzee Urbano alikuwa anatazama kikombe chake.

"Kaka yake Laurian alikufa kwa huo ugonjwa," mzee akasema. "Msibani tulipika chai sufuria kubwa. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Tuliimwaga yote shimoni mimi na mama yake." Akainua kikombe, akanywa. Wengine wakamtazama akimeza, kisha mmoja mmoja wakainua vyao.

Luciana hakunywa. Alipoaga chai yake ilikuwa pale pale mezani, imeshafanya utando juu. Mzee Urbano alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi, akakichukua kile kikombe cha dada yake, akakinywa hadi chini akiwa amesimama, akamrudishia Rukaiya mkononi, akasema chai ilikuwa imepoa.